Mazabodi ya kampuni gani inadumu? Jibu langu kwa mkuu wa Buzuruga

Mkuu, umesema unafunga kompyuta ya mezani kwa ajili ya studio yako ya picha na video pale Buzuruga, prosesa ya Intel, Core i5-12400, umeshainunua, na sasa unataka kujua kati ya ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock ni nani mazabodi zake (ule ubao mkuu unaobeba prosesa, RAM na vingine vyote) hazifi mapema. Waliotangulia kukujibu wametaja kila mmoja kampuni anayoipenda. Mimi nafunga na kutengeneza kompyuta hapa Mwanza mwaka wa 14 huu, na swali lako limeshanitoa hela mfukoni, kwa hiyo naomba univumilie niandike kwa kirefu.

Kampuni zote nne ziko vizuri. Zote ni za Taiwan. Gigabyte na MSI zilianza mwaka 1986, ASUS 1989, na ASRock ilitokea ubavuni mwa ASUS mwaka 2002. Biostar nayo ipo tangu 1986 na kwa kazi za ofisi haijawahi kunisumbua. Kuna watu bado wanauliza mazabodi za Intel zenyewe. Intel ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaachana na mazabodi za mezani, hivyo ukiletewa "mpya ya Intel" leo, anayekuuzia ama hajui anachouza au anakudanganya.

Kinachoua mazabodi mapema mara nyingi ni ngazi yake ndani ya kampuni hiyohiyo. Mwaka 2022 nilimfungia mteja mmoja wa Nyegezi mashine mbili. Ya mapokezi niliipa i5, ya kuhariri video nikaipa i7-12700, prosesa yenye nguvu zaidi. Mteja alitaka kuokoa hela, nami nikakubali, zote mbili zikapata mazabodi ya H610, yaani ngazi ya chini kabisa, kampuni moja, boksi zinafanana. Ile ya mapokezi iko hai hadi leo. Ya video ilianza kupunguza kasi kila wakitoa video ndefu iliyokamilika (export), na ndani ya mwaka ikazima moja kwa moja. Nilipoifungua nilikuta alama nyeusi pembeni ya soketi, na harufu ya kuungua ilikuwa bado ipo.

Sababu yake ni hii. Prosesa haili umeme kama unavyotoka kwenye paua saplai. Inaingia volti 12, halafu pale pembeni ya soketi kuna saketi inayoishusha hadi volti moja na kidogo. i5-12400 yako ikikimbia kwa nguvu zote inafika wati 117. Kwa volti moja na kidogo, hiyo ni karibu ampea mia zinazopita kwenye vipande vidogo kuliko ukucha. i7-12700 inafika wati 180. Mazabodi ya bei ya chini inagawa mzigo huo kwa njia chache, na mara nyingi vipande hivyo viko wazi, bila bati la kupoza joto. Ofisini, mtu anayeandika barua, haina neno. Studio inayochakata video saa tatu mfululizo, mchana wa Mwanza, chumba hakina AC, hapo unaipika.

Kwa hiyo kwenye i5 yako tafuta mazabodi ya B660 au B760, ngazi iliyo juu ya H610, yenye vibati vya kupoza joto kwenye saketi hiyo na nafasi nne za RAM. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Ukikuta B660 ya ASRock na H610 ya ASUS kwa bei moja, chukua ASRock wala usijiulize mara mbili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo duka halitakuambia, na ndilo limeua mazabodi nyingi zaidi mezani kwangu kuliko ubovu wa kiwandani: umeme wa ukutani, hasa ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Mji wetu umekaa juu ya mawe. Nyumba za Mabatini, Igogo, Bugarika, zimejengwa juu ya miamba, na fimbo ya ethi haipenyi jiwe. Fundi anaipigilia, inagota, anaikata kilichobaki, anafunika na saruji. Soketi ya ukutani ina matundu matatu, lakini lile la ethi halina linakokwenda. Utajua kwa kuligusa kasha la kompyuta ukiwa peku: linakutekenya vidole, na testa inawaka ukiigusisha kwenye bati. Hiyo ni kwa sababu paua saplai huwa inamwaga umeme kidogo kwenye kasha ikitegemea ethi iuchukue. Ethi isipokuwepo, umeme huo unakaa hapohapo ukingoja njia. Siku unachomeka printa au diski ya nje kupitia USB, unapita huko. Nimeshapokea mashine tatu kutoka jengo moja, zote zimekufa matundu ya USB, kampuni tatu tofauti. Mwenye jengo alikuwa ameshaapa hatanunua tena mojawapo ya kampuni hizo. Tulitafuta udongo wenye unyevu chini ya kilima, tukazika fimbo ya shaba huko, tukapandisha waya hadi ndani. Hakuna mashine iliyorudi kwangu kwa tatizo hilo tangu siku ile.

Na radi. Wote tunazijua radi za ziwani, hasa za usiku. Watu wanachomoa waya wa umeme na kusahau waya wa intaneti uliotoka kwenye dishi la juu ya paa. Radi inapita hapo, inaua tundu la netiweki, na wakati mwingine inaondoka na chipu nzima. Chomoa vyote viwili. Weka UPS, na kama umeme wa mtaani kwenu unapanda na kushuka, weka stabilaiza kabla yake. Hela hiyo itoe kwenye taa za rangi za kwenye kasha kama umezipangia bajeti.

Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wanaziba feni, kwa hiyo fungua kasha usafishe kila baada ya miezi michache.

Kuna mkuu amekushauri AMD, mshindani wa Intel kwenye prosesa. Si ushauri mbaya, soketi yao ya AM4 imedumu miaka mingi na vipuri vyake vinapatikana. Ila ukibadili mawazo, chunga BIOS, ile programu ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta. Niliwahi kufunga prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, kwenye mazabodi ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu: feni zinazunguka, kioo cheusi. Siku mbili nikidhani mazabodi imekufa. Kumbe BIOS yake ilikuwa ya zamani kuliko prosesa. Ilibidi niazime Ryzen ya nyuma kwa fundi mwenzangu wa Kirumba ili niisasishe. Ukichagua mazabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa, hutapitia hayo.

Kuhusu mazabodi za "H61 mpya" za bei chee zisizo na jina linaloeleweka: H61 (usiichanganye na H610) ni ya mwaka 2011. Chipu zake zinafumuliwa kwenye mazabodi kuukuu na kupandwa kwenye ubao mpya. Kwa mashine ya mtoto kujifunzia kuchapa, sawa. Kwa studio inayolipiwa na wateja wa harusi, hapana. Afadhali mtumba wa Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ila ujue nyingi kati ya hizo zina plagi zao za umeme, paua saplai ya kawaida haiingii.

Waranti nayo uliza vizuri. Mengi tunayouziwa hapa yametoka Kariakoo, na mazabodi ikifa itasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenda Dar, na kurudi. Muulize muuzaji nani analipia basi, na ndani ya siku ngapi anakubadilishia yeye mwenyewe. Ajibu kwa kuandika kwenye risiti.

Ukienda Jumamosi, kabla hujalipa mwambie afungue boksi mbele yako. Toa kifuniko cha plastiki cha soketi, washa tochi ya simu, iinamishe taratibu uzitazame zile pini kutoka pembeni. Zinatakiwa kung'aa kwa mistari iliyonyooka. Ukiona moja imeng'aa tofauti na wenzake, imepinda. Rudisha boksi, nenda duka linalofuata. Zikiwa sawa, mwombe aiwashe palepale na prosesa yako na RAM yako, mpaka uone ukurasa wa BIOS kwenye kioo. Ukikwama piga picha uiweke hapa, nitaiangalia.