Mnaobeba gitaa kwenda Pangani na Amani, sikilizeni kwanza

Juzi nimeona tena picha ya dogo mmoja kasimama kijijini Bweni usiku, gitaa mgongoni, spika miguuni, taa za Pangani zinawaka ng'ambo ya mto na kivuko kimeshalala. Chini ya picha kaandika: "Changamoto za msanii wa kujitegemea." Changamoto gani, mdogo wangu? Hukuuliza kivuko kinafunga saa ngapi. Kabla yako alikwama mwingine palepale, ila yeye angalau alikuwa na akili ya kumtafuta mwenye mtumbwi jua likiwa bado lipo.

Nawapenda, ndiyo maana nakasirika. Wengi mnanipigia simu mkiwa mmeshaharibu. Leo naandika mapema, kwa wanaoitaka njia ninayoipenda kuliko zote: Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga, Muheza, kisha juu Amani kwenye milima ya Usambara, kushuka tena, Korogwe, Mombo, Soni, Lushoto. Mtu mmoja na gitaa kavu. Hakuna mpiga besi wa kukukumbusha ufunguo wa wimbo, hakuna meneja wa kugombana na mwenye ukumbi.

1. Kalenda kwanza, nyimbo baadaye. Pwani inakwenda kwa mwezi mwandamo. Ramadhani hakuna shoo, na usizunguke ukiuliza "hata ya kimyakimya?" Shaabani, wiki zile kabla ya mfungo, harusi zinafuatana, na mpigaji mmoja mwenye adabu anaweza kula vizuri kuanzia Pangani mpaka Tanga. Baada ya Idi zinaanza upya. Mfungo Sita ni maulidi: nenda ukasikilize, gitaa libaki chumbani.

Milimani kalenda ni mvua. Masika, Machi hadi Mei, barabara ya Amani ni utelezi mtupu. Kuna kijana alipanda Aprili, tulishamwambia, hakusikia. Basi likaingiza tairi la nyuma mtaroni, abiria wote wakashuka kusukuma, akina mama na vikapu vyao, na bwana msanii akabaki ndani "analinda vifaa". Jioni akafunga spika, akaimba, hakuja mtu. Akaniuliza kwenye simu kama watu wa kule hawapendi muziki. Wanaupenda sana. Ndio hao waliokuwa wanasukuma.

2. Mabasi ya milimani hulala kijijini, huteremka alfajiri, hupanda mchana. Kwa hiyo ukipiga usiku, saa kumi alfajiri uwe umeshaamka, au siku nzima imekwenda. Njia ya Saadani inapita hifadhini na magari ya abiria ni machache. Kama huna uhakika wa gari, pita Chalinze na Segera kama watu wengine, hakuna atakayekunyang'anya usanii. Gitaa haliingii kwenye buti chini ya magunia, hata konda aape kwa mama yake mzazi. Lilipie siti. Ndiyo, siti nzima.

3. Vifaa. Nyuzi za akiba zaidi ya unavyodhani, maana hewa ya chumvi inakula chuma. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Waya wa jeki wa pili. Betri ya pikapu ya gitaa. Maiki yako mwenyewe. Spika ya kuchaji, kwa sababu umeme utakatika kwenye wimbo unaoupenda. Ukitoka kwenye joto la Muheza ukafika kwenye baridi ya juu, liache gitaa litulie kwanza ndipo utuni.

4. Vibali. Kadi ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), barua kwa afisa utamaduni wa halmashauri, halafu mwenyekiti wa mtaa ana kwa ana, si kwa meseji. Na swali moja kabla hujachomeka kitu chochote: "Mtaani kuna msiba?"

5. Tanga ina masikio. Huu ndio mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi, na wa Black Star na Lucky Star kwenye taarab; Bi Shakila aliimba na Black Star watu wakamjua Afrika Mashariki nzima. Mzee anayekumiminia kahawa kwenye zile barabara za namba kule Ngamiani anaweza kuwa ameyacheza magitaa hayo ujana wake, na atakwambia solo lako limechelewa kuingia. Usimbishie. Omba kashata, kaa, sikiliza. Plebeki ya kwenye simu, muziki uliokwisha kurekodiwa, usithubutu. Na ule usemi wa "waja leo, waondoka leo" usiufanyie mzaha jukwaani, wameshausikia kwa kila mgeni.

6. Tuzo, yaani zile noti anazotunzwa mpigaji. Hapa itabidi mnivumilie, nitakwenda mbali kidogo.

Nilikuwa kijana, nimetoka Dar na Bongo Fleva yangu kichwani, nikaitwa Pangani kupiga harusini, upande wa akina mama, uani. Walitaka kikundi cha taarab, ila bajeti ilikuwa imeishia kwenye pilau, ndipo mtu akawaambia yupo kijana na gitaa lake. Nilizijua nyimbo chache za zamani, nilizokariri kwa sauti bila kuzielewa. Niliamini taarab ni mapenzi na mawimbi tu.

Ua umejaa. Mikeka mbele, viti vya plastiki nyuma, kanga sare, udi unafuka pembeni ya mlango. Nikaingia kwenye wimbo wenye ubeti wa mtu aliyeazima chungu cha jirani akasahau kukirudisha. Mama mmoja akainuka. Akaja taratibu, bega moja likitangulia, mkono juu umeshika noti ya 10,000, akaizungusha hewani mpaka ua wote umeiona, ndipo akaniwekea kiganjani.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akaja na nyingine. "Sogea pale mlango wa jikoni, wa huko hawasikii vizuri."

Nikasogea, mjinga mimi, nikiburuta waya. Karibu na mlango alikaa dada mmoja kavaa dera la kijani, anaangalia simu yake. Nikamwimbia yeye. Nikamtazama usoni, nikatabasamu, kwa sababu mjini nilifundishwa kumtazama msikilizaji. Nyuma yangu akina mama wengine wakaanza kupanga foleni na noti zao, na kila nilipofika kwenye chungu, vigelegele. Nikajiambia leo nimeua. Nikaurefusha ubeti. Nikaupandisha ufunguo.

Wenye uzoefu naona mmeshaziba macho. Ngoja, bado.

Yule dada hakuinua uso. Mimi nikaona ni haya, nikataka kumchangamsha. Nikasema kwenye maiki, kwa sauti ya mtangazaji: "Na huu umwendee dada yangu wa dera la kijani, mbona hachezi?"

Ua ukazima. Hata watoto.

Alikuwa mke mdogo. Yule mama wa noti ndiye mkubwa. Na usiku kucha yule dada alikuwa ameketi pale akila mishale bila kutikisika, akijua kila noti inakuja kwa ajili yake, na akijua pia kwamba fumbo halina jina: mradi hajatajwa, anaweza kumaliza shughuli, akala pilau, akaaga vizuri, akaondoka na heshima yake. Ndiyo kazi ya fumbo. Mtu anarushiwa, na anaachiwa mlango wa kutokea. Mimi nikaufunga ule mlango, tena kwa maiki.

Akasimama. Akasema maneno ambayo sitayaandika. Mkubwa akajibu. Kiti kikaruka, jagi zima la sharubati ya ukwaju likamwagika kwenye mixa yangu, na ndani bibi harusi, ambaye hata hajatolewa nje, akaanza kulia mapambo yakamchuruzika. Shangazi yake akanishika mkono kama anayemtoa mtoto sokoni, akanipitisha mlango wa nyuma. Kwa woga nikamwambia, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, wewe tumekuita uimbe. Nani kakutuma useme?"

Nimewahi kuzomewa, nimewahi kupigwa chupa, hakuna kilichoniingia kama swali lile. Nilimkabidhi tuzo zote, na malipo sikuyadai. Shughuli nilizoahidiwa Tanga ziliyeyuka. Habari ilifika huko kabla ya basi langu. Lakini hayo ni ya mfukoni. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba yule dada aliondoka usiku uleule kwa bodaboda, peke yake, na mimi ndiye niliyemfanya atazamwe na watu wote akitoka. Baadaye nikamwomba shangazi anipelekee radhi. Jibu likarudi: "Amesema usimtaje tena, hata kwa kuomba radhi."

Mimi niliimba kama mwenye wimbo, na usiku ule wimbo ulikuwa umeshanunuliwa, mwenye noti anautumia anavyotaka. Hilo halina ubaya, ndivyo taarab inavyoishi. Ubaya ni mpigaji kuingia upande mmoja bila kujua kuna pande.

Basi: noti ikija, ipokee kwa heshima, macho yako yabaki juu ya vichwa vya watu. Ubeti ukiombwa urudiwe, rudia mara moja, endelea na wimbo. Jina la mtu, rangi ya nguo ya mtu, kiti cha mtu, havitoki mdomoni mwako. Ukiambiwa usogee, sema waya ni mfupi. Ikibidi nunua waya mfupi.

7. Amani. Ni hifadhi ya asili tangu 1997, Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti na bustani ya mimea mwaka 1902, na watu wanatoka mbali kuja kuangalia ndege, vipepeo na yale maua ya zambarau ya Usambara ambayo Wazungu huyapanda vyunguni madirishani. Vizuri. Wewe hao si wasikilizaji wako. Watakaokuja ni wachuma chai na vijana wa bodaboda, na watakuja mwisho wa mwezi, mshahara ukishatoka. Kuna mwenzetu alipanda na wimbo wake mpya wa kusifia "kijani kinachotuliza moyo", akawaimbia watu waliotoka kuinamia kijani hicho tangu asubuhi. Wakamsikiliza kwa adabu. Halafu mzee mmoja akamwomba dansi.

Nje, msitu na ukungu vinameza sauti, usipandishe spika mpaka ikwaruze. Tafuta ukuta, ukae nao mgongoni. Lango la Sigi lina ada, lipa bila hotuba. Na jifunze salamu ya Kisambaa kabla ya kupanda, ya Kibondei ukiwa Muheza. Ukikosea matamshi watacheka, na mtu aliyekucheka jioni anakuja na wenzake usiku.

8. Lushoto. Juni na Julai baridi yake si ya kitoto, vidole vinakataa. Beba sweta, pasha mikono kwenye kikombe cha chai kabla ya kupanda. Watu hulala mapema, kwa hiyo piga alasiri, hasa siku ya gulio, wakulima wakiwa wameshauza viazi na kabichi. Usiku utawapigia mbwa. Kingine: kule kuna kwaya za Kilutheri, na mwanakwaya anasikia sauti nne wewe unapoisikia moja. Mimi niliwahi kupotea ufunguo katikati ya kiitikio, akina mama wawili wa safu ya mbele wakaniokota kwa upole, mmoja soprano, mmoja alto, wakaimba na mimi mpaka nikarudi njiani. Hawakucheka. Ningependa wangecheka. Tangu siku hiyo, nikifika Lushoto siku yangu ya kwanza ni ya kuomba kukaa nyuma kwenye mazoezi yao, na nyimbo zangu mbili hivi zimepata kiitikio kizuri kwa njia hiyo. Niliwauliza kabla ya kuzirekodi, na walilipwa, kama mlitaka kujua.

9. Pesa. Nusu kabla hujapanda basi, nusu iliyobaki kabla ya wimbo wa mwisho. Si baada. Baada ya wimbo wa mwisho promota huwa ana mgeni wa kumsindikiza. Andikishaneni hata kwenye meseji, na chakula na malazi viandikwe, kwa maana "utafikia kwangu" mara nyingine ni kochi la sebuleni na jogoo chini yake.

10. Kurudi Dar kutoka Lushoto ukiwa umeishiwa, malori ya mboga hushuka usiku kwenda kuwahi soko. Msalimie dereva, saidia kupakia, omba kukaa mbele, na usilale, kazi yako ni kumpigisha stori asisinzie kwenye zile kona za Soni. Gitaa pakata. Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, msiniombe, ya mwisho niliyomwazima mmoja wenu ilishuka Kariakoo ndani ya kabichi.