Nimechoka kuwa tegemeo la baba

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema kwamba tangu mama yako afariki miaka minne iliyopita, baba hukupigia simu kila usiku kukueleza upweke wake, madeni yake na ugomvi wake na kaka zako, na usipopokea hununa siku mbili nzima. Sasa simu ikilia tu moyo unakuwa mzito, nawe unajiuliza kama umeacha kumpenda.

Hujaacha. Asiyempenda baba yake hakeshi akilia kwa kuwa alimjibu kwa mkato. Kilichokuchosha ni nafasi uliyotwikwa bila kuulizwa: wewe ndiwe mshauri wake, mbembelezaji wake na msuluhishi kati yake na wanawe, na katika hayo yote nafasi ya binti imebaki tupu. Wataalamu wa familia wameizungumzia hali hii, ya mtoto kugeuzwa mzazi, kwa miongo mingi, na mtoto wa namna hiyo huzoea kuipima huzuni ya mzazi hata akaisahau yake. Kwako naiona waziwazi, kwa maana umeniandikia kurasa mbili juu ya majonzi ya baba, lakini juu ya majonzi yako wewe, uliyefiwa na mama, sikuona hata sentensi moja.

Usinyamaze ghafla, wala usimwandikie ujumbe ukiwa na hasira. Mpigie wewe, mchana, umwambie: "Baba, nitakuwa nakupigia Jumatano na Jumapili, na siku hizo nitakusikiliza kwa utulivu; ya kaka zangu naomba uzungumze nao wenyewe." Atakasirika, na huenda akasema umemtupa. Usibishane naye; siku uliyoahidi ikifika, mpigie kweli, kwa sababu kitakachomtuliza ni kuona ahadi inatimia wiki baada ya wiki. Lakini akitamka kwamba hataki kuishi tena, utaratibu huo uweke kando: kaka zako wajulishwe saa hiyohiyo, asiachwe peke yake, na aonwe na daktari.

Kisha Jumapili moja, ukiwa tayari, mwulize jambo lolote ulilotamani kulijua kuhusu mama yako, umwache akujibu kama baba. Katika barua yako yote sikuona mahali ambapo nyinyi wawili mmewahi kumlilia pamoja.