Jibu: Klorini ya chumvi haisafishi meza za jikoni

Habari ndugu. Umesema mashine yenu ya kutengeneza klorini kwa chumvi na betri ya sola inawaka vizuri, ila meza za jiko la hema hapo Ahero bado zinateleza na kunuka.

Anza kwa kuondoa mafuta yaliyoganda mezani, si kwa mashine. Uchafu humaliza nguvu ya klorini kabla haijafikia vijidudu. Sugua kwa sabuni na maji moto, suuza, ndipo upake dawa ya klorini. Chovya karatasi ya kupimia klorini kwenye dawa hiyo: meza ya chakula inataka miligramu 100 hadi 200 za klorini kwa lita. Ukishapaka, acha meza ikauke yenyewe, usipanguse na kitambaa.

Karatasi ikisoma chini ya hapo, kagua nyaya za mashine. Sisi tulilaumu chumvi wiki nzima, kumbe waya wa betri umelegea! Na mtungi wa klorini usikae juani. Tengeneza ya siku hiyo tu, penye hewa, maana mashine hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka.