Mbio bure, breki kwa bei: viatu vya magurudumu kwenye mapigano ya mezani

Sisi hucheza barazani kwa mjomba, Mkunazini, kila Alhamisi baada ya Isha. Watu watano na birika la chai ya tangawizi. Mchezo wenyewe ni wa kuigiza: kila mmoja ana mhusika wake, mimi ndiye mwendeshaji, ninayesimulia hadithi na kuwachezea maadui, na jambo likiwa na shaka tunarusha dadu ya pande 20. Hadithi ya safari hii iko Mji Mkongwe wa miaka mia ijayo, na mpwa wangu akataka mhusika wake awe tarishi anayekwenda na viatu vya magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja. Ukitaka kuviita sketi, shauri yako. Barazani kwetu sketi ni ile inayovaliwa kiunoni.

Nikamwandikia sheria ya chapuchapu: mwendo wako mara mbili ya wenzako. Nilijuta. Kijana anapita, anashusha rungu, anapotea, na maadui zangu wamebaki kuangaliana. Wenzake wakaanza kununa. Mmoja akaweka dadu chini: "Yakhe, mimi na upanga wangu nimekuja kushangilia tu?"

Dawa niliipata kwa kuanguka. Mpwa wangu viatu hivyo anavyo kweli, nikaviazima, nikaenda navyo Forodhani asubuhi mapema, kabla ya watu. Kwenda kulikuwa rahisi hata nikajisifu. Sukuma mara nne, mara tano, upepo wa bahari unaimba masikioni. Mara mbele yangu akatokea mzee na dele lake la kahawa. Breki ya viatu hivi ni kipande cha mpira nyuma ya kisigino, aghalabu mguu wa kulia: unatanguliza mguu huo, unainua vidole, unakandamiza. Hayo niliyajua kwa kusoma. Kwa pupa niliinua vidole vya miguu yote miwili, na nikakaa kitako juu ya sakafu kwa kishindo. Mzee hakumwaga hata tone. "Pole mwanangu," akasema. "Kahawa?"

Nilikunywa vikombe viwili nimesimama, maana kukaa kulikuwa hakuwezekani, na hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa namtoza mchezaji kwa mbio, na mbio ni bure. Kinachogharimu ni kusimama, na kukata kona.

Tazama hesabu. Dungeons & Dragons, iliyotoka mwaka 1974 na ndiyo iliyofungua njia ya michezo hii ya kuigiza, katika toleo lake la tano inahesabu raundi, yaani kila mmoja kupata zamu yake moja, kuwa sekunde 6, na binadamu wa kawaida huenda futi 30 kwa zamu, kama mita 9. Mwenye magurudumu akienda kilomita 18 kwa saa, mwendo usiotisha kwenye lami safi, katika sekunde hizo 6 ameshakata mita 30. Kumbe "mara mbili" yangu ilikuwa hata haifiki! Lakini hafiki mita 30 akitokea kusimama. Kwa hiyo sasa tuna ngazi tatu: ya kwanza mita 9, ya pili 18, ya tatu 30. Kila zamu unapanda ngazi moja au unashuka moja, na ukiwa kwenye ngazi lazima uende angalau nusu ya masafa yake, utake usitake. Hilo la lazima ndilo lililookoa mchezo. Tarishi akishampiga mtu, viatu vinamchukua, naye anatafuta pa kugeukia huku wenzake wanapata zamu zao.

Kusimama ghafla: ngazi ya kwanza hurushi kitu, ya pili unahitaji dadu ikupe 10 au zaidi, ya tatu 15. Mhusika wa mpwa wangu ana wepesi wa 3 wa kuongeza juu ya dadu, kwa hiyo ngazi ya pili anafaulu mara 14 kati ya 20, na ya tatu mara 9 tu. Ukikosa, unaendelea nusu ya masafa. Ukikosa kwa 5 au zaidi, uko chini. Mwenye kinga za magoti na viganja anapoteza zamu moja; asiye nazo anapoteza na damu pia. Kona tunazipima kwa sheria hiyo hiyo, na vichochoro vya Hurumzi vimejaa kona.

Kupiga kuna utamu wake, usiupite. Ukiwa mbioni, ongeza namba ya ngazi kwenye pigo. Ukiwa umesimama juu ya magurudumu, punguza 2, maana nguvu unayompa adui inakurudia na viatu vinarudi nyuma navyo. Magurudumu haya huteleza mbele na nyuma, lakini ubavuni yanauma sakafu. Aliyekusukuma kifuani anakupeleka mita moja na nusu; aliyekusukuma begani tunamhesabu kama kakusukuma huna viatu. Anayejua huweka mguu mmoja nyuma ya mwingine kwa kuukingamisha, na hapo ile adhabu ya 2 inaondoka. Mpwa wangu alinifundisha hili mwenyewe, kwa furaha isiyo na adabu.

Sakafu usiisahau. Mvua inaongeza 5 kwenye kila namba ya kusimama. Mchanga unakushusha hadi sifuri papo hapo na unarusha dadu usianguke. Ngazi za nyumba, hapana kabisa.

Na kuvaa? Nilijipima kwa saa: kamba, bizimu, mguu wa pili, dakika 3. Hizo ni raundi 30. Sijawahi kuendesha pigano lililofika hata raundi 10. Anayesema "navaa viatu vyangu" watu wameshachomoa visu, mimi namjibu haya, vaa, na naendelea na wengine.

Alhamisi iliyopita tarishi alikuwa anafukuzwa Mizingani kuelekea Malindi, ngazi ya tatu, rungu mkononi, na mbele kuna gari la hamali. Mpwa wangu aliishika dadu kiganjani muda mrefu, akaniuliza taratibu:

"Mjomba, jana ilinyesha?"