Ndoa ya agano Arizona: nikisaini ndo basi, sitoki tena?

SWALI: Habari wakili, mimi na mchumba wangu tunaishi Phoenix, mchungaji wetu anataka tuchukue ile ndoa ya agano badala ya ya kawaida. Mamkubwa kanipigia simu kutoka Morogoro anasema nikisaini hiyo hata nikipigwa sitoki. Ni kweli? Na tukihamia Texas?

JIBU: Mdogo wangu, mamkubwa ana sababu ya kuogopa ila hilo la kupigwa hapana. Ndoa ya agano (covenant marriage) ni ndoa ya kisheria ambayo mnakubali mapema kwamba talaka itakuwa ngumu zaidi kuliko ya kawaida. Ilianza jimbo la Louisiana 1997, Arizona wakafata 1998, Arkansas 2001, na hadi leo wanaoichagua ni wachache mno, japo Mike Johnson, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, ni mmojawapo, yeye na mkewe walifunga hivo Louisiana 1999.

Kwa hapo Arizona, kabla ya kufunga lazima mpate ushauri kwa mchungaji au mshauri wa ndoa, halafu mnasaini tamko kwamba ni ya maisha. Tofauti yenyewe inaonekana siku ya kuachana. Kwenye ndoa ya kawaida unaiambia tu korti ndoa imevunjika haitengenezeki, hakuna anayekuuliza nani kakosa, ila hii ya agano inataka sababu: uzinzi, mwenzio kafungwa kwa kosa kubwa, kakutelekeza mwaka mzima, ulevi au madawa yaliyomkolea, kipigo au unyanyasaji wa kingono kwako au kwa mtoto, hata manyanyaso ya kihisia yamo, au mmekaa mbali miaka miwili mfululizo bila kurudiana. Kwa hiyo kipigo ni sababu kamili, na amri ya korti ya kumzuia asikusogelee unaomba siku hiyo hiyo, aina ya ndoa haihusiki kabisa.

Sasa kuna kipengele ambacho watu wengi hawakisomi. Arizona inaruhusu pia talaka mkikubaliana wote wawili. Inasikika vizuri sana, lakini we fikiria, wewe umechoka, hajakupiga, hajazini, au amezini ila huna ushahidi, na yeye anasema haachi mtu, hapo huna njia isipokuwa uhame ukae mbali hiyo miaka miwili, ukilipa kodi ya nyumba nyingine, au utafute kwanza amri ya kutengana ambayo nayo ina masharti yake halafu usubiri mwaka. Yaani asiyetaka kuachana ndo anashika rimoti, na kwa uzoefu wangu huyo mara nyingi ni yule mwenye hela.

Msifananishe na kwetu Tanzania, maana sheria ya ndoa ya 1971 inakupeleka baraza la usuluhishi kwanza, ila haikudai kosa maalum, unaonyesha tu ndoa imevunjika kabisa.

Texas hawana ndoa hii, na korti za kule kwenye talaka zinatumia sheria yao, ambayo inakubali talaka bila kosa ukishaishi jimboni miezi 6. Ila usifunge ndoa kwa mahesabu ya kuhama jimbo aisee.

Ningekuwa nakushauri ofisini ningesema fanyeni ushauri wote wa mchungaji, huo ni mzuri, halafu mchukue leseni ya kawaida. Mkija kutaka agano baadae, Arizona inawaruhusu waliokwisha kuoana kuibadilisha kwa kupeleka tamko lao kwa karani wa korti, na safari hiyo hata ushauri hawawadai.