Kifungu kigumu, darasa zima

SWALI: Nafundisha darasa la sita hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Wanafunzi wangu wengi huzungumza Kiswahili au Mashi nyumbani, na tunaposoma kwa Kifaransa kifungu kinachohusu gesi ya Ziwa Kivu, nusu yao hukwama mapema. Wenzangu wananishauri niwape hao vifungu vya darasa la nne. Je, nifuate ushauri huo?
Mwalimu, Kadutu

JIBU: Mwalimu mwenzetu, ushauri huo umetolewa kwa huruma, lakini usiufuate. Mtoto anayesomeshwa kila siku vifungu vya darasa la nne hakutani na maneno wala sentensi ndefu atakazodaiwa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwachie kifungu kilekile, umwongezee msaada.

Anza na maarifa. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa vijana 64 habari ya besiboli waisome, na waliosoma kwa shida lakini wakiujua mchezo huo walielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Basi, kabla ya kufungua kitabu, zungumzeni kwa Kiswahili kuhusu ziwa hilo wanaloliona kila siku. Fungua chupa ya soda mbele yao, waone gesi inavyopanda mara kizibo kinapotoka, kisha waeleze kwamba kilindini mwa Kivu uzito wa maji ndio kizibo.

Halafu andika aya moja ubaoni, kwa kuwa madarasa yamejaa tangu shule za msingi za umma zifanywe bure mwaka 2019 na vitabu havitoshi. Isome kwa sauti, nao wairudie wawili wawili. Sentensi inaposema kwamba gesi iliyoyeyuka katika maji ya chini hubaki huko kwa sababu ya uzito wa maji ya juu, uliza kwanza ni nini kinachobaki, kisha kinabaki wapi, mwisho kwa nini, na kila anayejibu aonyeshe maneno yanayomthibitishia. Jibu la kwanza litoke hata kwa Mashi. La pili lisemwe kwa Kifaransa, likianzia kwenye maneno uliyoandika ubaoni. Walimu wengi huharakisha hapa, nami nakusihi ukae hapo hata kama aya hiyo itamaliza kipindi kizima.

Wasiojua bado kuunganisha herufi wanahitaji pia muda wao wa kila siku wa kujifunza kusoma, na msaada huu hauwezi kuchukua nafasi yake. Wengine wapunguzie msaada kidogo kidogo, hadi waweze kuanza kifungu kipya wenyewe huku wewe ukipita kati ya madawati.