Historia ya Bendi ya Mtaa: Anza na Matarumbeta, Wenyeviti Baadaye

Ukisema unataka kuandika historia ya bendi ya matarumbeta ya mtaani kwenu, watu watakupeleka moja kwa moja kwa mwenyekiti. Atakukaribisha soda, atakuonyesha cheti kilichotiwa fremu, kisha atakupa hotuba. Sikiliza, kunywa soda, shukuru. Kalamu iache mfukoni kwanza.

Nasema hivi kwa sababu niliifanya kazi hiyo kwa bendi ya mtaa wetu hapa Kampala, bendi ya wastaafu wa kambini, vijana wa bodaboda na watoto wa shule, inayopiga harusi Jumamosi na mazishi siku yoyote. Wengi wanataka kufanya vivyo hivyo kwa bendi zao, nao huniuliza waanzie wapi.

Cheti kwanza, ili tumalizane nacho. Tarehe iliyo kwenye cheti ni siku mtu alipokwenda ofisi ya wilaya kusajili kikundi, mara nyingi kwa sababu mfadhili au benki ilidai karatasi. Bendi huenda ilikuwa inapiga miaka mingi kabla ya hapo. Andika tarehe tatu mbali mbali: vyombo vilipofika, jina lilipopatikana, na usajili ulipofanyika. Zikilingana zote, uliza tena, maana kuna mtu amezilinganisha.

Sasa vyombo. Omba ufunguliwe stoo, nenda mchana, beba kitambaa na chaki. Matarumbeta na tromboni kuukuu huwa na jina la kiwanda lililochongwa kwenye kinywa chake kipana, ila miaka ya kung'arishwa imelifuta. Paka unga wa chaki juu yake, pangusa taratibu, na herufi zitabaki nyeupe ndani ya mikwaruzo. Namba ya chombo itafute kwenye silinda ya pistoni (kitufe kinachobonyezwa kwa kidole) ya pili, ile ya katikati. Ukikuta Boosey & Co. peke yake, au Hawkes & Son peke yake, basi jina hilo lilichongwa kabla makampuni hayo mawili ya London hayajaungana mwaka 1930 na kuwa Boosey & Hawkes. Hiyo haimaanishi kwamba bendi yenu ni ya kabla ya 1930! Chombo huzeeka Uingereza kwanza, kinatolewa msaada, ndipo kinapanda meli. Lakini sasa una swali la kumuuliza mzee: hiki kilitoka kwa nani?

Kwetu kulikuwa na kornet mbili, yaani matarumbeta mafupi, ambazo sauti zake hazijawahi kupatana. Walimu walipokezana kuwalaumu watoto kwamba hawana masikio. Kumbe bendi za matarumbeta za Uingereza zilikuwa na kipimo chao cha sauti, cha juu kuliko cha kawaida kwa karibu nusu ya nusu-toni, yaani karibu robo toni nzima, na viwanda viliendelea kutengeneza vyombo vya kipimo hicho hadi miaka ya 1960. Kornet moja ilikuwa ya zamani hizo, nyingine ya baadaye. Fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, alikwisha kuona tatizo kabla yetu: bomba la kurekebishia sauti lilikuwa limeongezwa kipande cha shaba na kulehemiwa, kazi safi kabisa, ili sauti ishuke. Lile lehemu ni ukurasa wa historia ya bendi. Mpige picha fundi pia, kama bado yupo, na umuulize alilipwa na nani.

Baada ya vyombo, fuata walimu. Swali langu kwa kila mzee lilikuwa moja: nani alikufundisha, na yeye alifundishwa na nani? Usiulize bendi ilianzaje. Hapo ndipo hadithi za kupambwa zinapoanza. Mnyororo wa walimu hapa Uganda huishia mara nyingi mahali palepale: jeshi, polisi, magereza, au misheni. King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, iliundwa mwaka 1902, kikosi chake cha nne kikawa cha Uganda, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kuelewana kambini. Bombo na Jinja zilikuwa kambi zake. Askari aliyestaafu alirudi uraiani na pumzi yake, midomo yake na namna yake ya kufundisha, ambayo wazee wanaikumbuka kwa fimbo.

Mzee mmoja wa Bombo, Mnubi, wa kizazi cha askari waliotoka Sudan, ambaye ujana wake wote aliutumia kambini, nilimuuliza, "Afande, noti ulizisomea wapi?"

Akacheka. "Noti? Mwanangu, mimi sijui noti. Mimi najua namba."

Akatoa daftari la shule lililofungwa kwa uzi. Ndani kulikuwa na maneno ya nyimbo, na juu ya kila silabi namba za vidole: 0, 13, 12, 1, 0, 12, 2, 0. Ndiyo do, re, mi, fa, so, la, ti, do ya tarumbeta: sifuri maana yake hubonyezi kitu, 13 ni pistoni ya kwanza na ya tatu pamoja. Nikawaonyesha vijana wetu daftari hilo, na mmoja akatoa simu yake: namba zilezile, kaandika kwenye ujumbe, kafundishwa na mtu aliyefundishwa na mzee huyu. Hapo sikuhitaji cheti cha mtu. Ukikutana na daftari kama hilo, usiliazime. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa mbele ya mwenyewe na umrudishie mkononi.

Miaka itakusumbua. Wazee hawakumbuki kwa tarakimu, wanakumbuka kwa matukio, nawe lazima uwe nayo kichwani. "Tulipiga Papa alipokuja" ni ushahidi mzuri, lakini Papa yupi? Paulo wa Sita alikuja mwaka 1969, Yohane Paulo wa Pili 1993, Fransisko 2015. Uliza barabara ilikuwaje, nani alikuwa rais, sare ilikuwa ya rangi gani. Mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika wa 1975 hapa Kampala ni alama nyingine, na Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yalipoingia mjini. Ukiambiwa "vyombo vilipotea", uliza kama ni kabla au baada ya Aprili hiyo, na usishangae jibu likija kwa sauti ya chini.

Uliza pia ni nyimbo gani hazikupigwa. Swali hili watu wengi hulisahau, nami nalipenda kuliko yote. Wimbo wa taifa kila bendi inaujua tangu 1962. Ni mfupi, mtoto anaumudu mapema. Wimbo wa ufalme wa Buganda ni hadithi nyingine. Kabaka, mfalme wake, alikimbia nchi mwaka 1966, katiba ya 1967 ikafuta falme, na hazikurudishwa hadi 1993. Mpigaji aliyejifunza kati ya miaka hiyo na aliyejifunza baada yake hawana nyimbo zilezile vidoleni. Waketishe pamoja, waache wapige, utasikia mpaka ulipo bila mtu kutaja siasa.

Fundi cherehani naye msimsahau. Wetu ana daftari la vipimo vya sare: jina, kifua, urefu wa mkono, malipo ya awali, deni. Hiyo ndiyo orodha kamili pekee ya wapigaji tuliyoipata, pamoja na wasichana ambao hawaonekani kwenye picha yoyote rasmi.

Tahadhari moja. Ukisoma juu ya beni za pwani, zile bendi za mashindano za Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, vikundi kama Marini na Arinoti vikitambiana kwa gwaride na mavazi, utatamani kusema bendi yenu ni mtoto wao. Jeshi lilisambaza mambo mengi, ni kweli. Ila kama mnyororo wa walimu haukufikishi pwani, usiusukume. Vilevile usijitie ukoo na kikundi maarufu. M-Lisada, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1996 na watoto waliokuwa wakiishi mitaani Kampala. Kila mtaa siku hizi una mtu anayedai aliwafundisha.

Halafu pesa. Bendi zote hugawanyika, na karibu zote hugawanyika kwa sababu ya malipo ya harusi. Andika kwamba iligawanyika, mwaka gani, na nani alibaki na ngoma kubwa, kwa sababu jina lililopakwa kwenye ngozi ya ngoma ndilo lililoshinda. Maneno waliyotupiana yaache, wengi bado wanakutana msikitini na kanisani.

Unaporekodi, usimsubiri mzee apulize. Meno yakishatoka, midomo haishiki tena. Mwombe aimbe huku vidole vikibonyeza meza, na uelekeze kamera kwenye vidole, si usoni. Mtoto wa kornet anaweza kujifunza wimbo mzima hapo.

Nakala chapisheni chache, kwa karatasi. Moja ipelekeni maktaba ya Makerere, ambako pia mtakuta magazeti ya Uganda Argus ya kuanzia 1955 ya kulinganishia tarehe zenu. Nyingine ibaki stoo pamoja na vyombo, ndani ya bati lenye kifuniko, maana panya wa Kampala hawachagui. Ya mwenyekiti mpeni akiwa ameshaisoma rasimu na kugomba, kwa sababu atagomba tu, na afadhali agombe kabla hamjalipa kiwanda cha uchapaji.